Rangi Inafanana, Lakini Jina Ni la Nani?

Maandiko ya kusoma: Kutoka 20:16, 1 Wafalme 14:25–28, Matendo 19:13–16



Kuna swali ambalo vijana wetu wamekuwa wakibishania nje ya kanisa baada ya ibada. Linasema hivi: kama saa feki imetengenezwa vizuri mpaka rangi ya uso wake inalingana kabisa na ya orijino, na mnunuzi amenunua akijua wazi ni kopi, dhambi iko wapi? Muuzaji amesema ukweli. Mnunuzi ametoa pesa yake mwenyewe. Hakuna aliyeibiwa, na dakika zinahesabika sawasawa. Sasa shida ni nini, Pasta?

Wanaliuliza wakicheka, lakini swali lenyewe si la kuchekwa. Hebu tulijibu polepole, tusikimbilie kusema "ni dhambi" kisha tukaenda kunywa chai.

Kwanza, tuiangalie rangi yenyewe

Wanaopenda saa za bei kubwa hubishana sana juu ya rangi ya uso. Chukua mfano wa Rolex Submariner yenye uso wa kijani, iliyotolewa mwaka 2010 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2020. Kijani chake si cha kupaka tu. Uso umesuguliwa kwa mistari myembamba sana inayotoka katikati kama miale ya jua. Kivulini unauona mzito, karibu mweusi. Ukigeuza mkono juani, unawaka. Anayetengeneza kopi lazima apate kijani hicho, na pia apate ule mwendo wake wa kuzima na kuwaka. Akikosea kidogo, kinakuwa cha manjano mno, au kinabaki kimelala hata juani.

Ndiyo maana watu huweka picha mbili sambamba, ya orijino na ya kopi, wakalinganisha. Lakini picha nayo si shahidi wa kutegemewa. Kamera hubadilisha rangi, balbu hubadilisha rangi. Tena rangi mbili zilizotengenezwa kwa dawa tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja, kisha zikaachana chini ya taa nyingine. Fundi wa nguo hapa sokoni hahitaji kufundishwa hayo. Akitafuta uzi wa kulingana na kitambaa cha mteja, haamui chini ya balbu ya duka. Anatoka nje, anauweka uzi juu ya kitambaa, anauangalia juani.

Tukubali basi kwamba siku moja kopi itatoka hata juani ikafaulu. Viwanda vinazidi kujifunza. Siku hiyo swali la vijana wetu litakuwa na nguvu zaidi: kama jicho halioni tofauti, tofauti ipo?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Saa orijino yenyewe hubadilika rangi. Kuna Rolex Daytona za miaka ya 1990, zenye uso mweusi, ambazo pete nyeupe za fedha kwenye vile viduara vidogo zimegeuka kahawia kwa miaka kwa sababu ya vanishi iliyotumika. Kuna saa nyingine za zamani zilizotoka kiwandani na uso mweusi, na jua likazigeuza kahawia kama kahawa. Kiwanda hakikupanga hivyo. Lakini wakusanyaji hawazitupi. Wanazitafuta, na nyingi wanazilipia zaidi ya zile ambazo hazikubadilika.

Sasa fikiria. Weka saa mbili mezani. Moja ni kopi mpya, rangi yake ni ileile iliyo kwenye picha ya tangazo. Ya pili ni orijino ya miaka 30, uso umechakaa na rangi imehama. Ukipima kwa rangi peke yake, kopi inashinda na orijino inashindwa. Kwa hiyo rangi haiwezi kuwa kipimo cha mwisho. Orijino inaitwa orijino kwa sababu ya ilikotoka na nani aliyeitengeneza, na historia hiyo jua haliwezi kuifuta. Kopi inabidi ifanane kila siku, kwa sababu kufanana ndiyo kazi yake yote.

Pili, tuliangalie jina

Kama rangi si kosa, kosa liko wapi? Mimi nasema liko kwenye yale maandishi madogo juu ya uso wa saa.

Rangi ya kijani haina mwenyewe. Mungu aliieneza kwenye majani yote ya Gem na Kochia kabla ya kiwanda chochote. Mtu akitengeneza saa ya kijani kinachofanana na kile cha Submariner, akaandika jina lake mwenyewe, akaiuza kwa bei yake, hajamshuhudia mtu uongo. Amevutiwa na rangi, basi. Lakini akiandika jina la mwingine na kuchora taji la mwingine, saa hiyo sasa inatoa ushuhuda. Inasema, "Fulani wa Geneva ndiye aliyenitengeneza, na anasimama nyuma yangu." Ushuhuda huo si wa kweli. Kutoka 20:16 inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na haikusema kwamba ushuhuda ni lazima utoke mdomoni.

Mtu atasema, "Lakini Pasta, Uganda si kuna rolex kila kona?" Ni kweli, na nashukuru kwa mfano huo. Rolex ya Kampala ni chapati iliyoviringwa pamoja na mayai. Hakuna mtu aliyewahi kuila akadhani amekula saa. Jina linasikika vilevile, lakini halimshuhudii mtu uongo, kwa sababu hakuna anayetarajiwa kudanganyika. Kwa hiyo herufi peke yake si dhambi. Kosa huja jina linapowekwa mahali ambapo kazi yake ni kumfanya mtu aamini kisicho kweli.

Tatu, "lakini mnunuzi alijua"

Hii ndiyo hoja yenye nguvu, na inastahili jibu la heshima. Muuzaji alisema ni kopi. Mnunuzi alijua. Kati yao wawili, ni kweli, hakuna aliyedanganywa. Lakini jiulize, lile jina limeandikwa lisomwe na nani? Mnunuzi anajua ukweli, halimsaidii. Muuzaji anajua pia. Limeandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu, ambaye hakuwepo wakati wa biashara.

Mtu huyo wa tatu ni nani? Ni mama mkwe mtarajiwa siku ya kupeleka ayie, anayeuangalia mkono wa kijana na kusema moyoni, "Binti yangu hatalala njaa." Ni wanachama wa chama wanaoamua kama huyu apewe mkopo mkubwa. Ni mwenye bidhaa anayekubali kuacha mzigo bila malipo, kwa sababu mtu mwenye saa kama ile hawezi kukimbia na elfu 40. Hao ndio waliodanganywa, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Kama kweli mnunuzi hataki kumdanganya mtu, kuna saa nzuri sokoni za bei hiyohiyo zenye majina yao wenyewe. Mbona asichukue hizo?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 juu ya bidhaa ghushi inamlenga hasa mfanyabiashara: anayetengeneza, anayeingiza nchini, anayeuza. Aliyevaa tu mkononi pengine hatasumbuliwa na askari. Lakini mtu wa Mungu hamalizi mahali ambapo askari amemalizia.

Nne, "kampuni ni tajiri, haitaumia"

Hapa nakubali nusu. Kopi moja iliyouzwa Rangwe haitazima taa Geneva. Lakini mimi silii kwa ajili ya Uswisi. Nalia kwa ajili ya hapa nyumbani.

Katika masomo ya biashara tulifundishwa juu ya mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hatakubali kulipa bei ya gari zuri. Mwenye gari zuri anaona haina faida, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu. Kwa maneno mengine, mdanganyifu hamwibii mteja wake tu. Anamfukuza mwaminifu sokoni.

Mnataka kuona hilo hapa kwetu? Angalieni mbegu ya mahindi. Mbegu iliyothibitishwa hupakwa dawa yenye rangi, ili mtu ajue kwamba si ya kula. Wadanganyifu walijifunza. Wanachukua mahindi ya kawaida, wanayapaka rangi ileile, wanayafunga kwenye paketi yenye jina la kampuni. Ukiyamwaga kiganjani rangi iko sawa kabisa. Lakini ardhi haisomi rangi. Mvua inakuja Machi, mama anapanda, anangoja. Mengine hayaoti. Yanayoota yanatoa gunzi dogo la kusikitisha. Deni la pembejeo liko palepale, na karo ya muhula wa pili inakuja.

Mwaka unaofuata mama huyo akiletewa mbegu halali anakataa. "Hata ile ilikuwa na rangi," anasema. Anachagua nafaka ya ghalani, anapanda hiyo, mavuno yanabaki chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu masoko ya jirani zetu wa Uganda ulikuta mbolea iliyopungukiwa karibu asilimia 30 ya kirutubisho chake, na mbegu chotara ambazo kwa makadirio chini ya nusu yake ndiyo ilikuwa halisi. Nasi Kenya hatujasahau kelele za mbolea feki za mwaka 2024. Hasara kubwa ya feki ni kwamba inaua imani, na imani ikishakufa, hata kizuri hakinunuliki.

Ndiyo maana siwezi kuichekea saa na kuililia mbegu. Kazi ni moja: rangi sawa, jina la mtu mwingine, na mtu wa tatu ndiye anayelipa. Kijana anayejizoeza kuona saa feki kama ujanja, siku moja atakuwa na duka la pembejeo, au gorogoro sokoni. Nayo gorogoro iliyobonyezwa kitako, ukiitazama kwa nje, inafanana kabisa na ile nzima. Mithali 11:1 inatuambia jinsi Bwana anavyokichukia kipimo cha hila.

Tano, ngao za Rehoboamu

Sasa twende kwenye andiko letu. Sulemani alitengeneza ngao za dhahabu, kubwa 200 na ndogo 300. Katika mwaka wa tano wa Rehoboamu mwanawe, Shishaki mfalme wa Misri akapanda Yerusalemu, akachukua hazina, na ngao zote za dhahabu akaenda nazo. Rehoboamu alifanya nini? Akatengeneza ngao za shaba mahali pake. Kila mfalme alipoingia nyumba ya Bwana, walinzi walizibeba, kisha wakazirudisha chumbani mwao.

Shaba ikisuguliwa vizuri juani, kwa mbali, ni dhahabu. Rangi imefaulu! Na tazama, Biblia haisemi Rehoboamu alimwambia mtu yeyote kwamba ni dhahabu. Huenda mji mzima ulijua. Kitabu cha Nyakati kinasema hata alijinyenyekeza mbele za Mungu. Lakini maandamano hayakubadilika. Walinzi walewale, mng'ao uleule, njia ileile ya kwenda hekaluni. Kilichopotea kikafunikwa na kitu cha rangi yake.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya ndani zaidi ya feki. Mbali na kumdanganya jirani, inamwondolea mwenyewe nafasi ya kusema, "Nimepoteza. Sina." Kijana ambaye hana kazi anahitaji maombi, ushauri, pengine mtaji mdogo na mtu wa kumshika mkono. Akivaa shaba iliyosuguliwa, sisi tutamwombea nini? Tunaona anang'aa. Tutampita tukimpongeza, naye anaumia ndani ya mng'ao wake.

Sita, madhabahu nayo isikilize

Nisiwaseme vijana nikaacha watumishi. Mwaka 2012 picha ya Patriaki Kirill wa Kanisa la Othodoksi la Urusi ilikuwa kwenye tovuti ya kanisa lake. Mkononi hapakuwa na saa. Lakini meza ilikuwa imepigwa msasa vizuri mpaka inang'aa kama kioo, na ndani ya meza kivuli cha saa kilionekana wazi. Saa ya bei kubwa ilikuwa imefutwa kwenye picha, na kivuli chake kikasahaulika. Kanisa likaomba radhi.

Ile ilikuwa saa orijino iliyofichwa. Sisi huku huenda tukawa na feki inayoonyeshwa. Zote mbili ni ndugu, kwa sababu zote zinahangaikia watu watatuonaje. Mtumishi anayetaka waumini waamini kwamba upako wake unapimwa kwa mkono wake, awe amevaa orijino au kopi, ameshawapa kipimo kibovu. Nao watakitumia kumpimia yule mzee aliyekaa kwenye benchi la nyuma.

Kumbukeni wana saba wa Skewa katika Matendo 19. Walikuwa na jina sahihi kabisa. Walilitamka vizuri, labda hata kwa sauti ya Paulo. Pepo akawaambia kwamba Yesu anamjua na Paulo anamfahamu, ila wao akawauliza ni akina nani. Jina lilikuwa juu ya uso, mashine ndani haikuwepo. Wakatoka mbio uchi na majeraha. Lakini wale wa Antiokia katika Matendo 11:26 hawakujiandika jina. Watu ndio walioanza kuwaita Wakristo.

Na wewe mpendwa ambaye rangi yako imehama, hili ni lako. Uliokoka miaka mingi iliyopita, ulikuwa ukiruka katika kusifu, leo magoti yanauma na unaimba umekaa. Umefiwa, umeugua, sauti imepungua. Unawaona wapya wanavyowaka, unajiuliza kama bado wewe ni wa kweli. Waefeso 1:13 inasema wale walioamini walitiwa muhuri kwa Roho. Muhuri ni habari ya nani aliyekutengeneza. Miaka imegusa uso wako, haikugusa muhuri. Na kanisa likikupeleka nyuma ili mwenye pete ya dhahabu akae mbele, Yakobo 2 inatuhukumu sisi, si wewe.

Tufanye nini, basi?

Kama unayo saa ya jina la watu na unajua ni kopi, usiiuze kwa mwingine, usiivae mahali ambapo mtu anaamua juu yako. Afadhali mkono mtupu na simu mfukoni. Kama unauza saa, uza za bei ndogo zenye majina yao wenyewe. Mteja wako atarudi. Kama unauza mbegu, nunua kwa anayejulikana, na umsaidie kila mteja kukwaruza kibandiko cha KEPHIS kwenye paketi na kutuma ile namba kwa 1393 kabla hajaondoka dukani. Hiyo nayo ni injili. Na kama umepoteza dhahabu yako, iwe kazi, ndoa au imani, usisugue shaba. Njoo ofisini, au nenda kwa kiongozi wa ushirika wako wa nyumbani, useme tu, "Sina." Hatutakucheka.

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kuonekana tulivyo. Ondoa jina la uongo kwenye mikono yetu, vipimo vyetu na ndimi zetu, na jina lako lisomeke ndani yetu mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Katika jina la Yesu, amina.